Bakuli Lisilofunuliwa

Seoul, 12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kushoto limetulia sasa baridi inapoanza kuachia. Mimi sijambo, ila usingizi ndio haunitoshi. Kaka In-mok ameniambia ulijaribu tena kusogeza pipa la mchuzi wa soya peke yako ukaangukia kiuno. Mama, una miaka sitini na minane. Mapipa yaache yalipo.

Nina habari. Tamthilia yetu imepita. Itaanza Jumamosi ya kwanza ya Aprili, sehemu kumi na sita, mbili kila wiki. Ni ya zama za wafalme, yenye mapenzi na uchunguzi ndani yake. Mjane kijana amefariki katika nyumba kubwa ya mkoani, na watu wote wanamsifu kwamba alijinyima chakula hadi akamfuata mumewe kaburini. Karani wa mahakama aliyempenda tangu utotoni anatumwa kuandika sifa zake ili mfalme aipe nyumba ile heshima. Anapoanza kuandika, anaona mambo hayalingani. Jina langu litapita mwishoni, la nne kati ya waandishi wanne, tena mbio mbio, kwa hiyo usipepese macho.

Ningekupigia, lakini najua kwako simu ni ya misiba tu. Angalia tamthilia, Mama, halafu uniambie.

Mwanao,
Sorim


Hwadam, 20 Machi

Mwanangu Sorim,

Marahaba. Goti ni lile lile, nami ni yule yule. Pipa halikuniangusha, niliteleza kwenye barafu, na huyo kaka yako ana mdomo mrefu kwa mtu anayesema kazi yake haimpi muda hata wa kutafuta mke.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, maana Mama Deok-su wa jirani aliingia akaona uso wangu akadhani nimepata barua ya daktari. Sasa kijiji kizima kinajua. In-mok ameleta televisheni kubwa kama mlango, nimeiweka ukumbini. Jumamosi hiyo wote watakuja. Nitapika mikate ya mchele na supu ya figili. Wanawake wameshaanza kuulizana huyo karani ataigizwa na nani, na kama ni yule kijana mwenye nyusi nene, Mama Deok-su anasema atakuja amepaka poda.

Baba yako mdogo ndiye amefurahi kupita wote. Anasema ni wakati vijana waonyeshwe wajane waaminifu, na ukoo wetu ndio wa kuulizwa habari hizo, kwa sababu lango jekundu la heshima alilotoa mfalme liko hapa mbele ya nyumba yetu kwa ajili ya Bibi Nam, mjane wetu aliyefunga chakula hadi akafa. Anatembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyefunga siku zile kumi na moja.

Swali moja tu, mwanangu. Huyo mjane wenu mmemtoa wapi?

Mama yako


Seoul, 2 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Huku kazi ni ya kukimbizana. Tunaandika sehemu ya tisa wakati waigizaji wanaigiza ya saba, na muswada mwingine hufika mikononi mwao wino haujakauka. Ndivyo kazi hii ilivyo, watu wakilalamika wiki hii, wiki ijayo hadithi imegeuka.

Kuhusu mjane, Mama, zama zile wajane walikuwa wengi. Tumechanganya changanya. Usijali.

Mwambie Mama Deok-su ni yule mwenye nyusi.

Mwanao,
Sorim


Hwadam, 22 Aprili

Sorim,

Hujambo? Mimi sijambo.

Jana usiku tulikuwa watu kumi na wanane ukumbini. Sehemu ya sita. Karani wenu akaingia katika ile nyumba siku ya tambiko la mjane. Meza imepangwa vizuri, samaki mkavu upande wake, matunda mekundu upande wake, nikawaambia watu, tazameni, mwanangu amewafundisha kupanga meza. Nilisema hivyo mbele za watu, Sorim.

Kisha ikafika saa ya kumkaribisha marehemu ale. Katika nyumba zote za nchi hii, kifuniko cha bakuli la wali hufunuliwa, kijiko kikachomekwa, watu wakatoka nje marehemu apate kula. Ni nyumba moja tu, hii yetu, siku moja tu kwa mwaka, siku ya Bibi Nam, ambapo bakuli la wali halifunuliwi. Na yule karani akalitazama lile bakuli, kamera ikalitazama, watu kumi na wanane wakalitazama. Akasema, "Hawathubutu kumwambia ale, kwa kuwa wao ndio waliomnyima. Walimfungia."

Tangu wazaliwe wameona bakuli lile limefunikwa, na tangu wazaliwe wameambiwa ni kwa heshima ya mfungo wake. Baba yako mdogo aliinuka, akatoka, akavaa viatu vya Mama Deok-su badala ya vyake, akaenda navyo hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka.

Jambo hili mama mkwe humwambia mke wa nyumba kuu ya ukoo, kama nilivyo mimi, mdomo kwa sikio, basi. Mabinti hawaambiwi, kwa sababu mabinti huolewa wakaenda na maneno yao. Nami nilikuambia, mwaka ule aliofariki baba yako, kwa kuwa In-mok hana mke na niliogopa kufa nalo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kila mtu kijijini anaijua kata ni nani.

Mama yako


Seoul, 25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sitakuuliza hali kwa sababu najua.

Nilikudanganya. Sikuchanganya chochote. Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Miezi minane nilikaa katika chumba kile cha waandishi kazi yangu ikiwa kuchemsha kahawa na kupiga chapa. Bi Seok, mwandishi mkuu, aliniita "wewe wa Kusini". Novemba walikwama. Walitaka dalili moja, kitu kidogo ambacho karani angekiona akajua kuna mauaji, na kila walichotaja kilikuwa kimeshatumika, damu kwenye kola, sindano ya fedha iliyobadilika rangi kwa sumu. Siku nne walikwama. Niliambiwa kichinichini kwamba mwisho wa mwezi wangepunguza mtu mmoja, na mimi nilijua ni nani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Kuna nyumba moja hawafunui bakuli."

Bi Seok akaweka kalamu chini akaniuliza, "Unaitwa nani?" Nimekaa pale miezi minane. Na nakuapia, aliponiuliza jina nilifurahi hadi nikasahau nimeuza nini. Nilijiambia huko nyumbani hakuna atakayejua, kana kwamba nyumbani hamna macho.

Nimekuvunja uso mbele ya watu uliowapikia. Nikifikiria ulivyowaambia watu watazame meza, nataka ardhi ipasuke. Niambie nifanye nini.

Mwanao asiyestahili kusaini hivi,
Sorim


Hwadam, 3 Mei

Sorim,

Hujambo? Mimi natembea, nakula, hivyo ni mzima.

Wazee wa ukoo walikaa jana. Waliniita nisimame ukumbini, mimi niliyewapikia wazee hao hao kwa miaka thelathini na minne. Waliuliza kama habari ya kufungiwa ni ya kweli. Nikasema, ni maneno ya televisheni. Wakauliza, na bakuli je? Nikasema binti yangu aliona meza tangu utoto, mengine ameyatunga. Kwa hiyo nimekufanya mwongo ili nisiwe mimi. Ulitaka kujua nani amevunja uso wa nani, basi tumevunjana.

Baba yako mdogo anasema tamthilia ikiisha hivyo ilivyoanza, matambiko yataondolewa kwangu yapelekwe kwake. Mke wa nyumba kuu asiye na matambiko ni nini? Ni bibi kizee anayelinda vigae. Niliingia hapa nikiwa na miaka thelathini na nne, nikidharauliwa kwamba nimechelewa kuolewa, na kitu pekee kilichonipa kauli katika nyumba hii ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuona meza yangu imekosewa.

Uliniuliza ufanye nini. Uliandika mwenyewe kwamba wiki hii watu wakilalamika, wiki ijayo hadithi hugeuka. Igeuze. Mwisho wake uwe kwamba alijinyima mwenyewe na karani alikosea. Bibi Nam amekufa miaka mia mbili na themanini, halimdhuru tena. Mimi ningali hai.

Sikuwahi kukuomba kitu, Sorim. Hili naliomba.

Mama yako


Seoul, 14 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na yote.

Bila shaka Baba Mdogo amekusimulia alivyokuja huku. Alikuja na wazee kumi na wawili, wote kanzu nyeupe na kofia nyeusi za manyoya ya farasi, wakakaa mikekani mbele ya lango la kituo cha televisheni kulalamika. Watu waliopita walidhani ni waigizaji wetu, wakawa wanapiga nao picha. Baba Mdogo alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akanyoosha kofia. Mimi nilimwona kutoka dirisha la ghorofa ya tano nikakimbilia chooni, nikajifungia hadi adhuhuri. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mama, anamkwepa baba yake mdogo chooni.

Wakubwa wa kituo wanaogopa kushtakiwa kwa kuwavunjia heshima marehemu wa watu, wakataka mwisho ubadilishwe. Bi Seok alipinga, akasema mwisho wa hadithi ndio hadithi. Akanigeukia, "Wewe nyumba ile unaijua. Kweli ni ipi?" Wote walinitazama.

Nikasema alijinyima mwenyewe.

Nikapewa niandike sehemu ya mwisho, kwa sababu naijua nyumba. Haikunichukua hata saa moja. Mjane ameacha barua chini ya mto, anasema hakuna aliyemlazimisha, anamwomba karani awaombe radhi wakwe zake. Karani anapiga magoti mbele ya mama mkwe. Watu chumbani walilia walipoisoma. Bi Seok peke yake hakulia. Alisema, "Umeandika vizuri sana kitu usichokiamini," kisha akatoka kuvuta sigara.

Itaonyeshwa tarehe ishirini na sita. Ulichoomba kimefanyika.

Mwanao,
Sorim


Hwadam, 28 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Tumeangalia. Ukumbi ulijaa hadi barazani. Karani alipopiga magoti, Baba yako mdogo alilia waziwazi akasema binti wa nyumba hii amerudi nyumbani. Matambiko yanabaki kwangu. Wanataka kuweka jiwe jipya kando ya lango, lenye maneno ya ile barua yako ya chini ya mto.

Asante.

Mama yako


Seoul, 9 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Juni na sijapata jibu. In-mok anasema u mzima, unakula kidogo. Kula, Mama.

Watazamaji hawakuipenda sehemu ya mwisho. Wameandika kwamba mwandishi aliogopa. Wengine wanamtukana yule mjane, kwamba alimpotezea karani muda sehemu kumi na tano kumbe alijiua tu kwa ujinga wake. Hayo ndiyo ninayosoma kila nikifungua simu, na kila nikisoma najua ni mimi niliyewapa.

Bi Seok amenichukua katika tamthilia yake mpya, jina langu sasa ni la pili. Sijamwandikia hata ukurasa mmoja. Nikishika kalamu naiona ile barua ya uongo, jinsi ilivyonitoka kwa urahisi. Nilidhani aibu ni kusema siri yako. Kumbe ilikuwepo nyingine kubwa iliyonisubiri.

Usinijibu kama hutaki. Niambie tu goti.

Mwanao,
Sorim


Hwadam, 23 Oktoba

Mwanangu Sorim,

Hujambo, mama? Marahaba kwa barua zako zote, zile tatu na nyingine nne. Nimezisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika "sisi wazima" mkono ulikataa kuendelea.

Goti linauma. Niliyobaki nayo ni mengine, nayaandika sasa.

Tambiko la Bibi Nam lilikuwa Alhamisi iliyopita. Haijapata kutokea watu kuja wengi vile. Walikuja wajukuu wa watu ambao baba yako hakuwajua, wamewaleta watoto wamevaa vizuri, na mwandishi wa gazeti la wilaya. Wote kwa ajili ya ile barua yako. Jiwe lilikuwa limeshasimamishwa, limefunikwa kitambaa cheupe. Baba yako mdogo akawaeleza watoto jinsi mjane alivyokataa chakula kwa hiari yake, alivyomwambia mama mkwe, "Niacheni, nina furaha." Haya ya furaha hata wewe hukuyaandika. Ameongeza yake. Wenzake watakuja kuongeza ya kwao.

Binti mdogo wa miaka tisa hivi akauliza, "Alikuwa hasikii njaa?" Baba yako mdogo akamjibu, "Mwanamke mwema hasikii." Watu wakacheka kidogo, kwa upendo, kama watu wamchekavyo mtoto. Yule mtoto akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha jiwe.

Sorim, kuna jambo sikukuambia hata ule mwaka aliofariki baba yako. Mama mkwe wangu aliponiambia habari ya bakuli, aliniambia na hili. Siku zile kumi na moja, aliyefunga mlango alikuwa baba mkwe wa Bibi Nam, ili ukoo upate lango la mfalme, lakini funguo alikaa nazo mke wa nyumba kuu wa wakati ule. Yeye ndiye aliyeambiwa akae barazani asikilize, atoe taarifa kelele zikiisha. Bibi Nam alimwita kwa heshima zote, "Dada mkubwa, maji tu." Alisema hivyo siku sita. Kisha akawa anagonga tu. Na yule mke wa nyumba kuu alikaa pale na funguo kiunoni, akashona soksi. Mama mkwe wangu alijua hadi idadi ya soksi. Kila mwanamke aliyeingia nyumba hii kwa cheo changu ameambiwa hivyo, akanyamaza, akapika.

Nikasema. Sikupaza sauti, hata mwandishi wa gazeti aliomba nirudie. Nikasema, alisikia njaa. Alisikia na kiu. Tulimfungia, na aliyekaa na funguo alikuwa mwenye cheo hiki changu, nami nimewadanganya wazee Mei, na binti yangu ametunga uongo kwa kuombwa nami. Nikamaliza hapo. Baba yako mdogo alisema nina homa. Mama Deok-su akaja akanigusa paji la uso mbele ya watu wote, akasema, "Hana homa yoyote," akabaki amesimama kando yangu. Yeye ambaye kwa umbeya ningemkodisha kwa redio.

Wamesema nipumzike. Ni neno zuri. Matambiko yamekwenda kwa Baba yako mdogo, na vyombo vyake vyote, mke wake alikuja kuvihesabu akawa hanitazami. Jiwe limelazwa kifudifudi nyuma ya ghala. In-mok alinipigia, akasema Bibi Nam alikuwa na miaka kumi na tisa, umri wa vijana anaowafundisha kazi kiwandani. Sikujua kama huyo mtoto hujua kuhesabu mambo ya namna hiyo.

Sasa nisikilize. Umeandika mara nyingi kwamba umeniaibisha. Uliniaibisha, ni kweli, sehemu ya sita, mbele ya supu yangu ya figili. Lakini hilo la sehemu ya sita lilikuwa kweli, na aibu ya kweli mtu huinama ikapita. Nilipokuandikia Mei uigeuze, nilidhani nakuomba uokoe meza yangu. Sivyo. Nilikuwa nakuita uje ukae nami pale barazani, usikie kugongwa, ushone. Nawe ukaja mara moja, kwa kuwa unanipenda. Mimi ndiye niliyekupa zile funguo, mwanangu. Aibu yangu ni hiyo, na sina wa kumwachia.

Nilikuwa nikikataa kuja Seoul kwa sababu ya matambiko, kila mwezi kuna marehemu wa mtu. Sasa sina marehemu yeyote. Nitapanda basi Ijumaa, linafika saa nane mchana. Kama huwezi kunitazama nitaelewa, nitaendelea kwa shangazi yako Incheon, nimeshamwambia huenda nikaja, huenda nisije. Sitakaa muda mrefu. Sijui kukaa kwa mtu bila kupika, itabidi uvumilie.

Mama yako


Ujumbe wa simu, Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana

Mama, najua hufungui simu, utausoma ukishashuka. Barua ilinifika jana. Nimekuwa hapa kituoni tangu saa nne asubuhi, maana nilihofia labda umepanda basi la kwanza. Sijui nitakutazama vipi. Nimesimama mlango namba tisa, nimevaa koti la kijani, na sitoki hapa.

Sorim wako